Kupima Shule Tatu

Mimi ni muuza unga wa muhogo, soko la Mudaka.
Kila kitu nakipima kwa gigozi:
najaza, nakung'uta, najaza tena,
napitisha kiganja juu.
Basi Nsimire, mtoto wa marehemu dada yangu,
alipomaliza la sita na sabini na mbili kwa mia
(buletini niliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti),
nilifunga meza Jumanne, nikavaa kikwembe cha misa,
nikaenda kuzipima shule.

Zote tatu ni za serikali. Ila moja wamekabidhiwa Wakatoliki,
moja Waprotestanti,
na ya tatu hakukabidhiwa mtu.

Ya Wakatoliki iko juu; ukifika, jasho limeshakuungamisha.
Matofali ya kuchoma. Vioo nilihesabu:
kumi na tisa vizima, vitatu vya katoni.
Ukutani wameandika: waliofaulu, tisini kwa mia.
Nikauliza, hiyo mia ilikuwa watoto wangapi?
Sekretari akanitazama kama nimemwagia kaye yake maji.
"Mama, kuna pesa ya kuingia, ya jengo, na motisha ya walimu."
Motisha! Neno hilo linakula kuliko mbuzi.

Ya Waprotestanti iko kando ya barabara, mabati mapya.
Mvua ikanikuta pale.
Chini ya bati lisilo na dari mwalimu alifumbua kinywa,
tukaona midomo tu.
Akaketi. Darasa nalo likaketi, wote sabini na wanne,
wakingoja jiografia ipite na mawingu.
Mwalimu wa hesabu ni hodari, watu wote wanasema.
Watu hao hao wanasema ameshaomba kazi Bukavu.

Ya tatu iko ng'ambo ya kijito.
Udongo, mbao, na ofisi ya prefe isiyo na mlango:
pazia tu, kikwembe kilichopauka
cha Machi nane ya mwaka nisiokumbuka.
Nikacheka moyoni. Mtu asiyeweza kufunga karatasi zake,
mtoto wangu atamtunzaje?
Sikuuliza hata bei. Nikageuka.

Usiku, sombe ikichemka, nikamsimulia Nsimire
vioo, mabati, tisini kwa mia.
Akachochea moto.
"Na vyoo?"
Vyoo vina nini?
"Vya wasichana. Vina mlango?"

Miaka kumi na minane napima unga wa watu,
na sikutazama.
"Dada yake Ntakwinja," akasema, macho kwenye sufuria,
"alikosa siku nne kila mwezi.
Waliandika: mvivu."

Alhamisi nikarudi, bila kikwembe cha misa.
Kwa Wakatoliki mlango upo, na kufuli;
ufunguo anao sekretari,
na sekretari ameshuka mjini.
Kwa Waprotestanti, gunia la mchele na misumari miwili,
mmoja umeng'oka.
Nikavuka kijito.
Nyuma ya darasa la saba nikakuta
mlango wa mbao nzito, bawaba zimepakwa mafuta,
komeo kwa ndani,
na juu yake, kwa rangi nyeupe ambayo hawakujisumbua kuikwangua:
PREFE. BISHA HODI.

Nilisimama pale muda mrefu
kama mtu aliyeitwa.
Prefe Cishugi akatokea na ndoo ya majivu mkononi.
"Mama, unatafuta nani?"
Sikuwa na jibu la kumpa mwanaume.
Nikamuuliza waliofaulu.
"Arobaini na mmoja kwa mia," akasema,
hakuongeza hata moja, hakukung'uta gigozi.

Sijadanganyika. Arobaini na moja ni arobaini na moja.
Fizikia hawana mtu tangu Krismasi.
Daraja ni magogo mawili,
na mwezi wa nne hubaki moja.
Mlango haufundishi aljebra.

Mama Ntakwinja ananiuliza kila asubuhi sokoni:
umeamua wapi?
Namwambia bado, naendelea kupima.
Jana nilinunua buti za mpira,
namba thelathini na saba.