Daftari la Mikia

Jumanne sifungui studio.
Anayetaka pasipoti saizi aje Jumatano,
maana Jumanne nina miadi na bombadia ya saa mbili na robo.

Napanda bodaboda Mbalizi, kamera ndani ya koti
kama mtu aliyeiba kuku,
nashuka kabla ya geti la uwanja, nafuata uzio kwa nje
hadi kwenye kichuguu kinachopakana na mahindi ya mama Atupakisye.
Mwaka wa kwanza aliniuliza: wewe, kwani unapima viwanja?
Siku hizi ananiachia kiazi cha kuchemsha juu ya jiwe.

Lenzi yangu ni ya mia tatu, mtumba wa Tunduma.
Ina ukungu ndani.
Fundi alisema huo hausafishiki, unazoeleka.
Na nje, Julai hii, ukungu mwingine umelala juu ya Songwe,
taa za njia ya kurukia zinaonekana mbili tu, ya tatu ni imani.
Kiswahili kiliona uvivu kutafuta neno la pili:
unaoota kwenye mkate, unaokula kioo,
unaoshuka mlimani alfajiri, wote ukungu.
Nakaa kati ya huu na ule, nasubiri.

Wasiojua hudhani kazi ni kutazama.
Kazi ni masikio.
Ya pangaboi hukwaruza, kama mashine ya kusaga inayokaribia kukosa mahindi.
Jeti hupiga mluzi kwanza, halafu ardhi ndiyo inayokuambia.
Ile ndogo ya madaktari hukohoa,
nami kila mara nasema pole.

Katika kaunta buku naandika: tarehe, herufi za mkiani,
upepo ulitoka wapi, nani alishuka wa kwanza.
(Mara nyingi ni mwanaume mwenye simu sikioni.
Mara moja, jogoo kwenye boksi.)
Nimefika mia moja na kumi na tisa.
Mume wangu aliuliza zikifika mia mbili napewa nini.

Mlinzi Mwashambwa alinifukuza mara nne.
Unapiga picha mali ya serikali.
Napiga tumbo la ndege, baba, tumbo halina siri.
Mara ya tano hakunifukuza. Alisimama upande wake wa uzio,
akaugusa waya kama anaupima moto:
Ile ya Machi, tarehe kumi na nne, ya jioni, unayo?

Siku hiyo Tusekile wake alikuwa anaondoka,
Dar, kisha Maskati, kazi za ndani, miaka miwili.
Na yeye baba mtu alikuwa getini
anafungulia lori la mafuta, anaandika namba zake,
akasikia tu ikipita juu ya kofia.

Nilikuwa nayo. Namba themanini na sita.
Nikaikuza hadi ikavunjika chembechembe:
dirisha la saba, kitu cheupe.
Mkono, akasema.
Sikumwambia habari za lenzi yangu,
wala za ile mifuko ya karatasi ya kutapikia.
Nikamchapishia kubwa, yenye mng'ao. Hela yake nikaikataa,
akaitumbukiza mfukoni mwangu kwa nguvu.

Leo inazunguka juu yetu, haioni pa kushuka.
Mara moja. Mara mbili.
Mwashambwa amevua kofia, anatazama weupe
palepale sauti ilipo, kisha pale ilipokuwa.
Mara ya tatu inakwenda mbali, mashariki,
inarudi Dar na watu wake na mizigo yao.

Nilibonyeza hivyo hivyo. Picha ni nyeupe kutoka pembe hadi pembe,
na sijui ni ukungu upi.

Mia moja na ishirini, nimeandika. Mkia: haukuonekana.
Upepo: hakuna.
Aliyeshuka wa kwanza: nimeacha wazi.

Kiazi kimepoa. Nimekimega, nusu nimeipitisha kwenye waya.