Saa Arobaini na Nane

Jumamosi, Kasese. Ubaoni hesabu za jana.
Nafuta nusu tu; chaki ni ya shule,
mimi nimekuja bure, kama mvua.

Nawaambia: polisi akikukamata
ana saa arobaini na nane, basi.
Zikiisha, akufikishe kwa hakimu
au akuachie urudi kwenu.
Wanaandika. Thembo anachora pingu pembeni,
pingu nzuri, zina hadi tundu la ufunguo.

Biira haandiki.
Anahesabu vidole chini ya dawati.
“Mwalimu, usiku nao unahesabiwa?”
Unahesabiwa.
“Hata umeme ukikatika?”
Hata ukikatika.
“Basi za kaka yangu ziliisha jana, saa kumi na moja jioni.”

Nilikuwa nimeandaa mifano:
fulani wa kubuni, kuku wa kubuni aliyeibiwa.
Nikaifunga mifano yangu mfukoni.

Tulikwenda kituoni kumi na wanane, na madaftari.
Ukutani pameandikwa, rangi inabanduka:
dhamana ya polisi hailipiwi.
Askari wa zamu, bila kuinua uso:
“Wakili wake ni nani?”
Nikafungua mdomo.

Biira alikwishamnyang’anya Thembo daftari.
Akasoma, kidole kikifuata mstari,
pale pale penye pingu;
alipokwama kwenye mwandiko wa Thembo
Thembo akamnong’oneza.

Askari akatazama saa ya ukutani.
Imesimama, sijui tangu lini.
Akavuta mkono wa shati,
akatazama yake.