Upande wa Pili wa Dirisha

Miaka thelathini na moja nilikaa nyuma ya dirisha la posta,
Moshi mjini, nikiona vidole tu
na vipande vya nyuso.
Saa saba kamili nilisimamisha ubao:
PAMEFUNGWA.
Kuna walioshuka kwa miguu toka Kibosho.
Sikuuliza.

Nilipostaafu walinizawadia saa ya ukutani.
Ikanihesabia ukimya mwaka mzima,
mimi na kalamu yangu tukikauka wino.

Sasa kila Jumanne, Hospitali ya Mawenzi,
nasimama kwenye foleni nisiyougua.
"Fomu ya bima, mama? Lete nikujazie.
Umezaliwa lini?"
"Andika mwaka wa nzige," anasema Bibi Ndeanansia,
tunacheka hata mlinzi anageuka.

Kijana Kalebi kanifundisha kulipia kwa simu,
nami namfundisha kuandika barua ya kazi
isiyopiga magoti.

Magoti yangu mwenyewe yanalia kwenye ngazi.
Miwani nimeifunga kwa uzi.
Wala sijawa malaika:
mtu akiruka foleni bado nafoka,
na siku za mvua natamani blanketi.

Ila Jumanne iliyopita, saa saba kasoro dakika moja,
binti wa nyuma ya kioo alinyanyua ubao.
Mkono wake niliujua. Ulikuwa wangu.
Nikagonga kioo kwa ukucha, polepole:
"Mwanangu, amebaki mmoja.
Ametoka Kibosho."

Akanitazama.
Akaulaza ubao kifudifudi.