Nafasi Haitoshi

Saa nane mchana, Ibra, kiyoyozi kinakohoa,
na kwenye kioo cha kompyuta maneno yaleyale ya jana:
diski imejaa, nakala ya leo haikuhifadhiwa.
Terabaiti mbili! Nilizinunua Maskati mwaka juzi
nikamwambia mama, hizi tutazeeka nazo.

Mama, Bi Moza binti Khalfan, anachora kofia.
Kushona wanashona wengine, kuanzia Sufala hadi Mudhaibi;
yeye anachora viua, kwa penseli iliyochongwa kwa kisu,
mimi naskani,
na kila akisogeza kitobo kimoja
upana wa punje ya ufuta,
faili linazaliwa upya, na programu,
kama karani wa harusi anayeandika hata sahani zilizopasuka,
inaliandika.

Nikafungua folda nikaanza kuhesabu.
Kofia ya Idi: matoleo mia tatu na kumi na mawili.
Risiti ya uzi: kila saa, miaka miwili, risiti ileile moja.
Na chini kabisa nikakuta jambo la aibu:
programu ilikuwa ikinakili nakala zake yenyewe,
nakala ndani ya nakala ndani ya nakala,
kama mtu anayefua nguo, akaona haitoshi,
akafua na kamba ya kuanikia,
akafua na ndoo.

Kosa langu. Siku ya kwanza niliulizwa, folda zipi?
Nikajibu zote,
kwa uroho wa mtu aliyekwisha kupoteza kitu.

Nikaiondoa ile folda. Tiki moja tu, ikatoka.
Kisha nikatunga sheria:
za kila siku zikae wiki,
za kila wiki miezi mitatu,
za kila mwezi mwaka mmoja,
na zilizobaki Mungu azipokee.

"Ngoja, Ghaniya." Hakuinua macho kwenye karatasi.
"Na ile ya Machi? Ile niliyokosea?"

Ile ya Machi. Mkono ulimteleza, ua la tano likainama,
mimi nikalinyoosha kwa kipanya bila kumuuliza
nikajiona nimetenda wema.
Lakini kofia mbili zilikwisha kushonwa vilevile,
na tangu hapo, kila Jumatano, kwenye soko la wanawake,
mama wa watoto wa kiume hawaachi kuulizia:
lile ua lililosinzia, halipatikani tena?

Sheria yangu hailijui ua lililosinzia.
Inajua tarehe.

Nikachimba. Aprili, Aprili, Aprili, kisha
Machi kumi na tisa, saa tano usiku na dakika nne.
Lilikuwapo, limeinamisha shingo,
limekaa miongoni mwa takataka zangu bila kulalamika.
Nikalipa jina, Usingizi,
nikaliweka peke yake mahali ambapo sheria haifiki,
kisha ndipo nikabonyeza Futa.

Ilichukua muda. Mstari wa kijani ulitambaa,
adhana ya alasiri ikaja ikapita,
kahawa kwenye chupa ikabaki machicha.
Gigabaiti elfu moja na mia moja zikarudi,
tupu, safi, sijui hata nizifanyie nini.

Mama akaisogelea diski, akaiinua waya ukining'inia,
akaipima kiganjani kama apimavyo bunda la uzi.

"Mbona uzito uleule?"

Akairudisha mezani. Akachonga penseli.