Kitako cha Shaba

Mimi ni fundi wa viatu, Webuye, mkabala na kituo cha mafuta.
Sikuwahi kuulizwa habari za bunduki
mpaka Bwana Tanui aliposhuka na mbili,
amezifunga kwenye blanketi kama watoto wagonjwa.

Moja yake, ya juzi, ya dukani Nakuru:
nyepesi, mbao hakuna, plastiki tupu,
na kisigino cha raba laini
kama soli ya kiatu cha muuguzi.
Ya pili ilitoka darini kwetu.
Kaka yangu Khaemba alimuuzia baada ya matanga,
bila kuniuliza.
Gobori. Mtutu mzito, wa pembe nane,
na kitakoni bamba la shaba lililokatwa
mfano wa mwezi wa siku tatu, ncha zikikutazama.

"Hii inauma," akasema, akijipapasa bega.
"Nyinyi mnaijua raba. Ishonee mto."

Nikamwambia mguu hupimwa kwanza.
Sikati raba ya mguu nisioujua.

Tukaenda machimbo ya mawe, ng'ambo ya Nzoia.
Zote mbili hulishwa kwa mdomo:
baruti, kitambaa, gololi,
kisha mdeki unashindilia mpaka kiganja kisikie sakafu.
Alinipa yake kwanza.
Ilisema pa! kavu, kofi la mwalimu mwenye haraka.
Raba ikameza nusu,
nusu ikabaki menoni mwangu.
Nikacheka. Ilikwisha kabla sijaogopa.

Gobori halikusema. Lilikohoa.
Fataki kwanza, tk, halafu kitambo,
kitambo cha kutosha kujuta,
halafu msukumo mrefu, wa pole,
wa ng'ombe anayekusogeza ili apite mlangoni.
Si teke. Teke ningelivumilia.
Ni zile ncha mbili za mwezi:
moja juu ya mtulinga, moja karibu na kwapa.
Machozi yakanitoka, moshi ukanifunika.

Moshi ule.
Kiberiti. Kabichi iliyolala.
Ovaroli ya baba akirudi zamu ya usiku
kutoka kiwanda cha karatasi,
enzi mabati ya mji mzima yalipooza
kwa pumzi ya bomba lile.
Nilisimama ndani ya moshi nikiwa na miaka sita.

Baba alikuwa na alama. Si begani.
Chini yake, kwenye mnofu wa mkono,
duara jembamba lililoachwa wazi upande mmoja.
Tulifunzwa: ni rungu la polisi, mwaka wa mgomo.
Tuliligusa kwa heshima.
Khaemba aliliandikia insha, akazawadiwa kalamu.

Nikaliinua gobori tena, bila kulijaza.
Nikageuka ubavu. Nikaushusha mwezi
kutoka begani hadi mkononi,
na ukakaa.
Ukakaa kama mguu ndani ya kiatu cha miaka mingi,
bila ncha, bila mfupa.
Aliyekifua kitako kile aliuwazia mkono, wala si bega.

Lo, baba.
Rungu gani lenye umbo la mwezi?
Mara ngapi zamu haikuwa zamu,
ukashuka bondeni kwenye kanga wa mwitu,
ukarudi unanuka baruti
na asiulize mtu, maana mji wote ulinuka hivyo?
Na mama, aliyetupakulia akisema
ni kuku wa jirani, kuku mgumu, tafuneni tu?

Tanui anasubiri mto wake.
Nimemtoza mia mbili kwa kazi nisiyoifanya.
"Kisigino ni kizima," nimemwambia.
"Umekivaa mguu usio wake."
Nikamwonyesha. Akashika. Akanyamaza muda.

Amelipa, amekwenda nalo.
Nimerudi kwenye stuli, kuna buti la mtu linangoja uzi.
Khaemba bado sijampigia.
Bega langu limevimba, la samawati, mahali pabaya kabisa.
Naliacha. Sitalipaka kitu.