Waya wa Tegwen

Iestyn, fundi wa kampuni, ameleta kisanduku cheupe
chenye vitaa vitatu vya kijani.
Ameung'oa waya wa shaba, ameuzungusha kiganjani
kama utumbo wa kondoo,
akasema: "Bibi, sauti sasa itapita kwa tarakimu."

Tegwen anatazama ukuta.
Pale ilipokaa simu, rangi ingali mpya.

Mwaka ule theluji ilipofukia lango,
mlima mzima wa Wales ulizimika siku nne.
Simu haikuzimika.
Ilikuwa na pumzi yake, imetoka nayo bondeni,
ikapanda nguzo kwa nguzo hadi jikoni,
naye gizani, vidole vimekufa ganzi,
alizungusha namba ya daktari.

"Na umeme ukikatika?"
"Kuna betri. Inakaa saa moja."
"Daktari alichukua saa sita kumfikia Gwilym.
Kwa miguu. Unatia sukari?"

Iestyn akasema vijiko viwili. Hakuinua uso.

Mlangoni aligeuka: "Ukiinua mkono wa simu
utausikia mlio uleule. Tumeutia makusudi,
watu wasidhani imekufa."

Usiku akaunyanyua.
Kweli, mlio upo: safi, umenyooka.
Akangoja mikwaruzo,
ile ya kiungo kibovu karibu na daraja
iliyomwambia, kabla ya dirisha,
kwamba huko chini mvua imeanza.

Alingoja sana.
Nje ilikuwa inanyesha.