Mlango wa Nne

Karani wa vizazi alitaka ushahidi kwamba nilizaliwa.
Nimesimama mbele yake, jasho linanitiririka,
kivuli changu kimelala juu ya daftari lake,
na bado anauliza: nani aliona?

Nikaenda Langoni, dukani kwa Jayantilal.
Nilimkuta akipima haluli ya chumvi kwa mizani ya shaba.
Akacheka. "Kwetu wazee waligombana karne nyingi
kwa swali hilo hilo la karani wako."

Akahesabu kwa vidole vyenye unga wa dawa.
Jicho na nduguze, mlango wa kwanza.
Wa pili kukisia: paka wamejipanga mlangoni kwa jirani,
basi ndani papa anakatwa.
Wa tatu kufananisha: uliambiwa bara kuna mnyama
kama punda wetu, ila amechorwa mistari;
siku ukikutana naye humuulizi jina.
Wa nne...
akakunja kwanza karatasi ya dawa, pembe kwa pembe.
"Wa nne ni neno."

Wapo walioukataa, akasema,
eti neno ni kisio tu lililovaa kanzu.
Wapo waliouliza: neno la nani?
La anayejua, apendaye kukujuza,
asiye na haja ya kukulaghai,
awe mtawa, awe mgeni wa pwani nyingine.
"Mimi naishi kwa mlango huo. Nani aliwahi kuonja sumu
ndipo akaamini kibandiko?"

Basi nikamleta Bi Mwanatumu, mkunga,
juu ya punda wa kukodi,
macho yake yote mawili yamefunikwa na ukungu.
Karani akakunja uso: shahidi asiyeona!

"Nalimshika kwa mikono hii," akasema, "si kwa mato.
Usiku wa kuamkia Maulidi, taa imezimika.
Huyu ndiye wa pili.
Wa kwanza hakulia."

Kalamu ikasimama.
Wa kwanza?
Mama hakunambia. Kaburi silijui.
Bibi huyu amepokea watoto wangapi,
je, kama amenichanganya na wa mtu mwingine?
Nikaitazama mikono yake pajani:
bado imekaa kama inabeba kitu,
miwili, kila mmoja na chake.

Karani akapiga mhuri juu ya jina langu.
Kwa yule mwingine hapakuwa na safu.

Siku hizi nikipita Langoni
Jayantilal huniuliza, hamjambo nyumbani?
Namjibu hatujambo,
sote wawili.